Mwari Yuko Kisiwani

Jumapili, 2 Machi

Mguu uko kwenye plasta, plasta iko juu ya stuli, na stuli iko barazani. Hivyo ndivyo nitakavyoipokea masika mwaka huu. Niliteleza Ijumaa kwenye tope la kushukia migombani, nikiwa na mkungu kichwani. Mkungu haukupata hata mchubuko. Daktari anasema wiki sita. Baba Esta anasema Mungu ndiye ajuaye kwa nini. Mimi najua kwa nini: nilimwambia achimbe ngazi pale tangu mwaka jana, na hakuchimba.

Esta ameniletea vitu viwili ili nisimmalize baba yake kwa maneno. Kwanza ni daftari hili. Pili ni darubini kubwa ya miguu mitatu, ya mradi wake wa ndege, maana wameshapata nyingine mpya. Aliisimamisha barazani, akaielekeza bondeni, nikaweka jicho. Ziwa Jipe lote likanijia usoni. Tangu nizaliwe hapa Ugweno naliona ziwa hilo kule chini kama bati lililoanikwa, na leo ndiyo kwanza nimejua kwamba kuna watu juu yake.

Akanionyesha kisiwa chake. Si cha mawe wala cha mchanga. Ni matete yaliyoshikana mizizi, yamebeba udongo, upana wake kama uwanja wa shule, na kiko mbali na ukingo. Hapo ndipo anaposhinda tangu Januari, juu ya kichanja cha miti, akiwaangalia mnandi, wale ndege weusi wa kuzamia samaki, wanavyotaga. Sefu mwenye mtumbwi humpeleka asubuhi na kumfuata jioni.

"Na mamba?" nikamuuliza.

"Wapo, mama."

"Na viboko?"

"Nao wapo. Wana sehemu zao."

Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananijibu hivyo, tena anatafuna ndizi.

Tumekubaliana. Kila asubuhi akifika salama, ukiacha Jumatatu anayoshinda ofisini, atapandisha kanga yangu nyekundu kwenye mti wa kichanja. Jioni akiondoka ataishusha. Wiki nzima anakaa Kwakoa kwenye chumba cha kupanga, Jumamosi anapanda nyumbani. Nimemwambia tarehe saba Juni ni harusi yake, na bibi harusi hanuki shombo. Amecheka.

Jumanne, 4 Machi

Kanga imepanda mapema. Nimekunywa chai kwa raha.

Jumatano, 5 Machi

Ukungu kutwa. Sikuona ziwa, na chakula hakikupita.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepiga kelele mpaka Baba Esta akatoka kwenye kahawa na panga mkononi. Niliona kitu chekundu kimelala ukingoni, karibu na maji. Nikajua ni kanga, na ndani ya kanga ni mwanangu. Kile kitu kikainuka, kikaanza kuswaga ng'ombe. Kumbe ni shuka, na mwenyewe alikuwa amejilaza chini ya mti. Baba Esta alirudi shambani bila kusema neno. Angesema ningeona nafuu.

Jumamosi, 8 Machi

Esta amepanda, na Kaleb amekuja naye.

Niandike wazi, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Kaleb ni mchumba mzuri. Kwao ni wafugaji wa huko chini Kwakoa, ni mtu wa kanisani, hanywi, na shikamoo yake anaitoa ameinamisha kichwa. Kinachonitia wasiwasi kwa kijana huyu ni kwamba yeye hana wasiwasi. Ukimuuliza kama maji yanapanda, anasema, "Yanapanda mama, ni masika." Ukimuuliza kama upepo ni mkali, anasema, "Ni mkali, mama." Halafu anakunywa chai yake. Nitamkabidhije mtoto mtu asiyeogopa?

Leo ameniletea kondoo jike, mnene kweli. Alimfunga kwenye nguzo ya baraza, akasema kwamba kuanzia sasa mimi na yeye tutaitana Paker. Kwao mkwe aliyepokea kondoo na kijana aliyemtoa huitana hivyo, majina mengine yote yanakaa pembeni.

"Mimi naitwa Mama Esta," nikamwambia. "Kondoo asante."

Akasema, "Sawa, mama," bila kukunja uso. Nadhani Esta alikunja kwa niaba yake.

Wakati wa chai Esta alikuwa na habari yake kubwa. Ndege wawili wakubwa weupe, wenye mfuko chini ya mdomo, wamejenga kiota kisiwani katikati ya mnandi. Anasema hajawahi kusikia kwamba wanazalia hapo. Nikamuuliza wanaitwaje.

"Mwari."

"Mwari si ndiye wewe? Aliyeposwa ni nani, ndege au wewe?"

"Huyo ni mwali, mama. Kwa l. Ndege ni mwari, kwa r."

Nikamwambia kwenye ulimi wangu hizo mbili ni mtu na dada yake. Wote walicheka, hata Kaleb. Basi toka leo Esta ni Mwari, na alipokuwa anaondoka nilimwita hivyo mpaka akapotea kwenye kona.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imeanza rasmi. Mwari amepandisha kanga, imelowa, inaning'inia tu. Bado nyekundu.

Jumatatu, 24 Machi

Kuna jambo. Pale ukingoni upo mti mkavu, mweupe. Siku ya kwanza nilipoweka jicho, mti ule ulionekana umegusana na pembe ya kushoto ya kisiwa. Leo katikati yake pana maji, upana wa kidole changu nikikinyoosha.

Bila shaka ni kuku. Wanalala chini ya darubini na kuisukuma.

Alhamisi, 27 Machi

Si kuku. Nimeweka mawe kwenye miguu yote mitatu, na sakafuni nimechora mkaa kuizunguka. Baba Esta amepita, akatazama mkaa, akanitazama mimi, akauliza kama nimekunywa dawa zangu.

Jumatano, 2 Aprili

Vidole viwili.

Mvua kila siku. Ziwa limemeza ile njia ya ng'ombe iliyokuwa ikionekana ukingoni. Nilimpigia Esta.

"Mwari, kisiwa chako kinatembea."

"Kinatembea kwenda wapi, mama?"

"Kinaacha ule mti mkavu."

"Maji yamepanda, ukingo ndio umesogea, mama. Umekaa sana hapo barazani. Mwambie mama mdogo Agatha aje akae na wewe siku mbili tatu."

Kwa hiyo sasa nahitaji mtu wa kunikalia. Nimemwambia mimi nimefundisha hesabu darasa la tano miaka ishirini, najua kitu kikisogea na kitu kisiposogea. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Nimekata simu. Nimejuta nilipokata.

Jumamosi, 5 Aprili

Kifaranga cha mwari kimetoka kwenye yai. Esta alikuja akiwa na furaha ambayo hata siku ya kuposwa sikuiona. Anasema ni kibaya cha sura, kimoja tu, hakina nyoya hata moja, na yeye hawezi kuondoka kisiwani, hata Jumatatu, mpaka kijue kujitegemea. Nimemkumbusha harusi. Anasema atarudi kabla.

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya harusi, mama."

Usiku nimeota matete tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda Same kutolewa plasta, nikalala kwa mdogo wangu Agatha. Mguu umetoka mwembamba, mweupe, sikuutambua. Kule tambarare maji yamesimama mpaka kwenye viwanja vya watu. Kutwa nzima sikuweza kuona kanga, nikapiga simu mara nyingi mpaka Agatha akanificha simu kwenye kabati la vyombo. Daktari anasema nisishuke mlima wala kupanda kwa mwezi mzima. Ningekuwa na mguu ningekuwa nimeshashuka siku nyingi.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kanisani wametangaza ndoa mara ya pili. Mchungaji aliposema mwenye pingamizi ajitokeze, Baba Esta aliushika mkono wangu. Sijui aliogopa nini.

Baada ya pilau nilimwita Kaleb barazani. Nikamwambia habari zote: mti mkavu, vidole, mawe, mkaa. Alisikiliza vizuri. Aliinama, akaweka jicho kwenye darubini, akakaa pale muda mrefu mpaka nikaanza kuwa na matumaini.

"Unaona?"

"Naona ng'ombe wangu, mama. Wako kwenye majani ya mzee Sadock. Wataniletea ugomvi."

Akatoa simu, akaanza kupigia watu wa kwao. Huyo ndiye atakayemlinda mwanangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Vidole vinne. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 30 Aprili

Sasa naweza kushika kalamu.

Ilikuwa juzi, Jumatatu. Asubuhi palikuwa peupe, na kanga ilipanda. Nilimwona hata yeye mwenyewe, mdogo kama mdudu, anakwea kichanja. Mtumbwi wa Sefu ukarudi ukingoni. Nikachambua maharage.

Kabla ya saa sita upepo ulitoka upande wa Same, si ule tuliouzoea. Migomba ya jirani ililala yote upande mmoja. Nikaacha maharage. Nilipoweka jicho, mti mkavu niliuona, lakini kisiwa sikukiona. Nikasogeza darubini kidogo, hakipo. Nikasogeza tena. Nikakiona mbali sana upande wa kaskazini, katikati ya maji, na kanga yangu juu yake, na kilikuwa kinakwenda. Sikuhitaji vidole. Kisiwa kilikuwa kinakwenda kama trela lililokatika, na ndege wote wako hewani juu yake.

Simu ya Esta haikupatikana. Ya Sefu haikupatikana. Nikampigia Kaleb, ikaita. Mvua ilikuwa imeshaanza kupiga bati, nasikia neno moja, la pili silisikii.

"Kaleb! Kisiwa kimeng'oka! Kinakwenda!"

"Shikamoo mama. Nini?"

"Kisiwa! Mwari yuko kisiwani!"

"Mwari?"

"Mwari, ndiyo! Yuko peke yake!"

"Usiogope, mama. Mwari maji ni kwake. Ataelea tu. Upepo ukipoa ataruka."

Simu ikakatika, na mtandao ukaondoka pamoja nayo.

Nilibaki nimeishika sikioni. Nimesikia kwa masikio yangu mwanamume aliyeniletea kondoo anasema mwanangu ataelea tu. Nilimwita Kaleb majina ambayo mke wa mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua. Baba Esta alikuja mbio. Safari hii hakuuliza dawa. Aliinama kwenye darubini, na alipoinuka sikumjua kwa sura. Akavaa buti za mvua, akashuka. Bodaboda wote walikataa, njia inateleza na pa kupitia pamemeguka. Alishuka kwa miguu, mtu wa miaka sitini na moja, ameshika fimbo ya kuangushia parachichi.

Nikabaki na darubini. Kazi yangu ilikuwa kutazama, nikatazama. Kanga ilikuwa inapigwa na upepo. Nikasema, madamu inapigwa, ipo. Nilikuwa naisemesha. Nikaiambia usishuke, usishuke.

Ikashuka.

Haikupeperuka. Ilivutwa chini kwa mara moja, mti ukabaki mtupu. Halafu ukungu ukafunga ziwa lote.

Siwezi kuandika nilivyokuwa. Nilikaa chini kwenye sakafu, pale pale kwenye michoro yangu ya mkaa. Sikuomba vizuri. Nilimwambia Mungu kwamba nilimwonya kila mtu, na Yeye pia alikuwa anasikia. Yule kondoo wa Kaleb alikuwa anatafuna taratibu kwenye nguzo yake, nikamchukia hata yeye.

Usiku ulipita, sijui ulivyopita.

Jana asubuhi simu ikaita. Namba ya Sefu. Niliiacha iite mara tatu kwa kuogopa.

"Mama," ikasema. Ilikuwa sauti ya Esta. "Mama, usilie kwanza. Nina njaa."

Ijumaa, 2 Mei

Wamempandisha jana. Ana homa kidogo na amekwaruzwa miguu na matete, basi. Anakula kila kinachowekwa mbele yake. Nimekaa naye kitandani na ameniambia.

Anasema hakusikia kisiwa kilipong'oka. Aliona tu kwamba milima inazunguka. Mvua ilipozidi, mwari wakubwa wakashindwa kutua, na kifaranga chao kikabaki kiotani kinapigwa na maji. Hakina manyoya ya kutosha, kingekufa kwa baridi. Akavuta kanga, akakizungushia, akakipakata mpaka asubuhi.

"Wewe ulivuta kanga," nikasema. "Wewe mwenyewe. Kwa mkono wako."

"Ndiyo, mama. Kilikuwa kinatetemeka."

Nilinyanyuka, nikatoka nje, nikarudi. Nikamwambia kwamba mimi nimemzika pale barazani kwa ajili ya kifaranga. Nikamwambia tena kwa sauti ya juu zaidi. Alinishika kiuno, akalia, nikalia naye. Baadaye kidogo nikamuuliza kama kifaranga kilipona. Kimepona. Kisiwa kimekwama kwenye matete ya upande wa pili, karibu na Kenya, amekirudisha kiotani, na wazazi wake walitua kabla mtumbwi haujaondoka.

Nikamuuliza ni nani alimpata. Akasema, "Kaleb."

Nikamwongezea chakula.

Jumamosi, 3 Mei

Kaleb amekuja kwa miguu kutoka bondeni. Amesimama uani na hakutaka kukaa. Shikamoo yake niliiitikia kwa nusu mdomo.

Baba Esta ndiye aliyekuwa ameshanisimulia. Sefu alishindwa kurudi kisiwani kwa mawimbi, akaenda kwa Kaleb akiamini Esta ameshafuatwa na mtumbwi mwingine. Akauliza, "Esta amefika?" Kaleb akauliza, "Amefika kutoka wapi? Si Jumatatu hushinda ofisini?" Zamani ndivyo ilivyokuwa, Esta alibadilisha siku zake kifaranga kilipozaliwa. Sefu anasema Kaleb alilitamka polepole lile neno langu la kwenye simu, mara ya kwanza kwa r, mara ya pili kwa l. Halafu akakimbia. Hajui kuogelea hata kidogo. Walikaa majini mpaka kunapambazuka, Sefu anapiga pondo, yeye anachota maji kwa sufuria na kuita. Baba Esta aliwakuta ukingoni wakirudi, na Kaleb sauti ilikuwa haitoki.

Mpaka leo haijarudi vizuri. Alisimama pale uani akasema kwa sauti ya mkwaruzo:

"Mama, mimi nilisikia ndege."

Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nne. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, nimeyapanga. Nikafungua mdomo niyatoe, na nikajisikia mimi mwenyewe siku ile, nikipiga kelele ndani ya mvua: Mwari yuko kisiwani. Mwari. Ningesema Esta. Alikuwa na jina, nilimpa mimi, akabatizwa nalo kanisani, na siku niliyolihitaji kuliko siku zote nikaita ndege.

"Nilisema ndege," nikamwambia. "Hukukosea kusikia."

Akainamisha kichwa. Nilimwona mabega yanatetemeka, nikajua kwamba na yeye anaogopa. Ila haogopi kwa mdomo. Nikamwambia aketi, uji umeiva. Alikunywa vikombe vitatu.

Jumatano, 14 Mei

Mvua imepungua. Esta amerudi kazini. Nimepiga kelele, haikusaidia kitu. Anaangalia kiota kutoka kwenye mtumbwi, Sefu haondoki, na wana maboya. Kaleb hupiga simu mchana: "Mama, Esta yuko kwenye mtumbwi. Esta, binti yako. Mtu." Mara ya kwanza sikujua nicheke au nimkemee. Sasa naisubiri.

Jumamosi, 7 Juni

Harusi. Wanawake wa kwaya walipoanza wimbo wa kumwimbia mwali, niliwaomba waweke jina lake. Hawakuelewa, lakini waliweka. Esta alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote, akacheka huku machozi yanamharibia poda.

Jumatatu, 9 Juni

Nyumba ni kubwa. Baba Esta anachimba ngazi za migombani, kwa hiari yake.

Jumapili, 15 Juni

Ukungu ulikaa siku tatu, na leo baada ya ibada umefunguka. Darubini siielekezi tena ziwani. Nimeishusha kidogo, mpaka Kwakoa, mpaka kwenye bati jipya la Kaleb na ua wake wa miiba. Juu ya miiba walikuwa wameanika vitu viwili vyekundu, kimoja kanga, kingine shuka. Nilitazama mpaka jicho likatoa maji. Kutoka huku juu siwezi kujua kipi ni cha nani.

Nikachukua simu.

"Shikamoo mama," akasema Kaleb.

"Paker," nikamwambia.

"Nini, mama?" akauliza.

"Paker," nikarudia, "kwenye ua wako naona vitu viwili vyekundu. Kanga yangu ni ipi?"

Nikaona mtu mrefu anatoka kwenye nyumba ya bati, simu iko sikioni. Akaenda mpaka kwenye miiba, akanyanyua kile cha kushoto juu kabisa, akakipunga kuelekea mlimani ambako hawezi kuniona.

"Hii hapa, Paker," akasema. "Na Esta huyu anatoka."